Rubani na mwajiri wake: Mambo ya kupima kabla ya kuchagua shirika la ndege la kulitumikia kwa miaka mingi

Na MWANDISHI WETU

KUMSOMESHA mtoto urubani ni miongoni mwa mizigo mizito kabisa ambayo familia ya Kenya inaweza kujitwika. Si ajabu, katika miji kama vile Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, kusikia kwamba mzazi ameuza ploti au sehemu ya shamba la kahawa, au amechukua mkopo wa chama cha akiba, ili mwanawe apate leseni ya kurusha ndege. Leseni ikishapatikana, jamaa hupumua wakidhani kazi imekwisha.

Ukweli ni kwamba uamuzi mgumu zaidi huwa bado haujafanywa, nao ni wa kuchagua shirika ambalo kijana huyo atalitumikia, pengine hadi atakapostaafu. Mhasibu au mhandisi wa kiwandani pale Thika anaweza kuhama kampuni moja hadi nyingine na cheo chake mkononi. Rubani, kwa kawaida, hawezi. Akihama, aghalabu huanza upya chini ya ngazi hata kama ana tajriba ya miaka kumi. Kwa sababu hiyo, kukosea katika kuchagua mwajiri hugharimu zaidi katika kazi hii kuliko katika nyingi nyingine.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo rubani, pamoja na jamaa wanaomlipia, wanafaa kuyapima kabla ya kutia sahihi mkataba.

Orodha ya waliotangulia

Katika mashirika mengi makubwa, kila rubani hupewa nambari kulingana na siku aliyoajiriwa. Orodha hiyo ndiyo huamua ni nani atapandishwa cheo kuwa nahodha, ni nani atahamishiwa ndege kubwa, ni nani atapewa likizo ya Desemba na ni nani atakayekuwa angani usiku wa Krismasi. Shirika linapopunguza wafanyakazi, mara nyingi walio mkiani ndio hutangulia kuondoka.

Chukua mfano wa shirika lenye ndege 20 za masafa ya wastani. Tuseme kila ndege inahitaji jozi tano za marubani ili iruke asubuhi, jioni na siku za mapumziko ya wengine. Shirika hilo litakuwa na manahodha 100 na marubani wasaidizi 100. Ikiwa haliongezi ndege, na manahodha watano tu hustaafu kila mwaka, kijana aliyeajiriwa leo akiwa wa mwisho atasubiri miaka 20 kabla ya kukalia kiti cha kushoto na kuvaa mistari minne begani. Lakini likiongeza ndege mbili kila mwaka, nafasi kumi zaidi za manahodha huzaliwa, na kijana yule yule atasubiri chini ya miaka saba.

Hesabu hii rahisi inaonyesha kwa nini mshahara wa mwezi wa kwanza si kigezo bora. Shirika linalolipa vizuri leo lakini halikui laweza kumweka mtu katika cheo kimoja nusu ya maisha yake ya kazi. Linalolipa kiasi lakini linapanuka laweza kumfanya nahodha angali kijana. Swali la kwanza, basi, ni umri wa manahodha waliopo na idadi ya ndege ambazo shirika limekwisha kuagiza na kulipia amana, wala si zile linazotangaza kwamba linatamani kuzinunua.

Mfano wa kupanda ngazi katika shirika moja upo hapa nchini. Nahodha Irene Koki Mutungi alijiunga na Kenya Airways miaka ya 1990 akiwa rubani wa kwanza wa kike wa shirika hilo. Mwaka 2014 alitambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa Boeing 787. Kati ya hatua hizo mbili pana takriban miongo miwili ya utumishi chini ya mwajiri mmoja.

Yapo mashirika yanayoajiri manahodha moja kwa moja kutoka nje, hasa yanapopanuka kwa haraka. Hata hivyo, nafasi hizo mara nyingi huwa za kandarasi ya muda, na hufungwa punde soko linapobadilika.

Saa za angani

Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA) hutoa leseni ya urubani wa kibiashara kwa mtu aliyetimiza miaka 18, na kwa njia ya kawaida huhitaji saa 200 za kuruka. Leseni ya juu, ambayo nahodha wa ndege kubwa ya abiria lazima awe nayo, huhitaji umri wa miaka 21 na saa 1,500. Pengo hilo la saa 1,300 ndilo huwatesa vijana wengi, kwani mashirika makubwa hutaka mwenye saa nyingi, ilhali saa haziji bila ajira.

Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, rubani hawezi kurusha ndege za kibiashara za kimataifa akishatimiza miaka 65. Anayeajiriwa akiwa na miaka 25, basi, ana miaka 40 mbele yake. Katika muda huo mrefu, mwaka mmoja au miwili ya kukusanya saa katika kampuni ndogo si hasara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Milango iliyopo

Mlango wa kwanza ni uwanja wa Wilson, Nairobi. Hapo ndipo zilipo kampuni kama Safarilink na AirKenya, zinazopeleka watalii Maasai Mara na mbuga nyingine, pamoja na kampuni zinazosafirisha mizigo, miraa na misaada ya kibinadamu hadi Somalia na Sudan Kusini. Ndege za hapo, mathalan Cessna Caravan na Dash 8, humfunza kijana kutua kwenye viwanja vya vumbi na kukabiliana na hali ya hewa bila msaada wa mitambo mingi. Wengi huitazama Wilson kama shule ya pili. Walakini wapo wanaostaafia huko, kwa kuwa wanapenda kulala nyumbani siku nyingi kuliko wenzao wa safari ndefu.

Mlango wa pili ni Kenya Airways na kampuni yake tanzu ya Jambojet, iliyoanza safari Aprili 2014. Kenya Airways lina Boeing 787, Boeing 737 na Embraer 190, nalo huruka hadi Ulaya, Asia na, tangu Oktoba 2018, New York moja kwa moja. Jambojet hutumia Dash 8 kwa safari za ndani na za karibu. Tofauti ya ndege ni jambo la kuzingatiwa. Idhini ya kurusha Boeing 737 au Airbus A320 inatambulika na kutafutwa karibu kote duniani, kwa hivyo mwenye nayo hapati tabu sana kupata kazi mambo yakiharibika. Mwenye idhini ya ndege zisizoenea sana ana milango michache ya kubisha.

Mlango wa tatu ni nchi za Ghuba, ambako Emirates, Qatar Airways na Etihad yameajiri marubani kutoka pembe zote za dunia. Mlango wa nne uko jirani: Ethiopian Airlines, shirika kubwa kuliko yote barani Afrika, na RwandAir la Kigali.

Je, shirika litakuwepo miaka 20 ijayo?

Historia ya eneo hili inafundisha kwamba mashirika ya ndege hufa, tena ghafla. East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania, lilisambaratika mwaka 1977 jumuiya ya mataifa hayo ilipovunjika. Kenya Airways lilizaliwa mwaka huo huo kujaza pengo hilo upande wa Kenya.

Jetlink Express, lililokuwa miongoni mwa mashirika ya kibinafsi yaliyovuma nchini, lilisimamisha safari Novemba 2012. Tatizo lake halikuwa ukosefu wa abiria. Pesa zake zilikuwa zimekwama Sudan Kusini, ambako dola zilikuwa adimu. Silverstone Air, lililokuwa Wilson, lilisimamishiwa ndege zake za Dash 8 na KCAA Novemba 2019, na mwaka uliofuata likaacha kuruka. Rubani aliyekuwa wa kumi katika orodha ya shirika kama hayo aliamka siku moja akakuta orodha yenyewe haipo.

Kenya Airways nalo limepita katika mawimbi makali. Lilibinafsishwa mwaka 1996, KLM ya Uholanzi ikanunua asilimia 26 ya hisa, na kwa miaka mingi likasifiwa barani. Baadaye lilipata hasara ya Sh25.7 bilioni katika mwaka wa fedha wa 2014/15 na Sh26.2 bilioni mwaka uliofuata, likalazimika kuuza na kukodisha baadhi ya ndege zake kubwa. Mwaka 2017 madeni yake yalipangwa upya, serikali ikabaki na asilimia 48.9 ya hisa. Janga la corona lilileta hasara ya Sh36.2 bilioni mwaka 2020, mishahara ikapunguzwa na baadhi ya wafanyakazi, wakiwemo marubani, wakaachishwa kazi. Kwa mwaka 2024 lilitangaza faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya mwongo mmoja. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya 2025 lilirudi kwenye hasara ya zaidi ya Sh12 bilioni, baada ya ndege tatu za Boeing 787 kukaa chini bila kuruka.

Mtu anaweza kuzisoma takwimu hizi kwa namna mbili. Mmoja atasema kwamba shirika linalopata hasara namna hiyo si mahali pa kuweka maisha. Mwingine atasema kwamba shirika ambalo serikali haijakubali life katika miaka hiyo yote lina uhai kuliko kampuni ya kibinafsi yenye ndege nne. Wote wawili wana hoja. La muhimu ni kutofautisha uhai wa shirika na ukuaji wake: serikali yaweza kulizuia shirika lisife, lakini hilo halimaanishi kwamba litanunua ndege mpya na kuwapandisha vyeo vijana.

Faida kwa vijana wanaotaka kuchunguza ni kwamba kampuni iliyo katika soko la hisa hulazimika kuchapisha hesabu zake. Kampuni ya kibinafsi hailazimiki, na hapo njia iliyobaki ni kuwauliza walio ndani: je, mshahara hufika kwa wakati? Vipuri hununuliwa? Ndege hukaa chini kwa majuma kwa kukosa injini?

Asali ya Ghuba na mzinga wake

Katika Milki za Kiarabu na Qatar, mshahara wa rubani hautozwi kodi ya mapato, ilhali hapa Kenya kiwango cha juu cha kodi hiyo hufika asilimia 35. Mashirika makubwa ya huko pia hutoa nyumba au marupurupu ya nyumba, na husaidia kulipa karo za watoto. Isitoshe, malipo huandamana na thamani ya dola. Shilingi ilipoporomoka hadi takriban 160 kwa dola mapema mwaka 2024, mwenye deni la mafunzo la dola aliyelipwa kwa shilingi aliumia, na mwenzake wa Dubai akacheka.

Lakini kila kitu huko kinategemea kazi. Ruhusa ya kukaa nchini, nyumba na shule ya watoto huenda pamoja na ajira. Wafanyakazi wa kigeni hawana chama cha kuwatetea kama walivyo nacho Kenya. Corona ilipozuka mwaka 2020, Emirates na Qatar Airways yalipunguza marubani, na waliopoteza kazi walilazimika kufunga virago pamoja na familia zao. Aliyestaafu huko hupewa malipo ya mkupuo kulingana na miaka aliyotumikia. Asiyejiwekea akiba mwenyewe hurudi nyumbani bila pensheni ya kila mwezi.

Kwa upande mwingine, kuwa na chama si dawa ya kila kitu. Chama cha marubani wa Kenya (KALPA) kiliitisha mgomo katika Kenya Airways ulioanza Novemba 5, 2022, mojawapo ya malalamiko likiwa michango ya hazina ya uzeeni iliyosimamishwa wakati wa corona. Maelfu ya abiria walikwama, mahakama ikaagiza marubani warejee kazini, na mgomo ukamalizika Novemba 9. Rubani anayechagua mwajiri mwenye chama apime pia uhusiano wa pande hizo mbili, kwani vita vya mara kwa mara hudhoofisha shirika linalowalisha wote.

Maandishi madogo katika mkataba

Kuna vifungu ambavyo kijana mwenye hamu ya kuvaa sare huvipita bila kuvisoma.

Cha kwanza ni dhamana ya mafunzo. Mafunzo ya kurusha aina moja ya ndege kubwa hugharimu maelfu ya dola. Shirika likiyalipia, humfunga rubani kwa miaka kadhaa, na akiondoka mapema atalipa. Dhamana ya haki hupungua kadiri miezi inavyosonga. Isiyopungua, ambayo humdai rubani fedha zote hata siku ya mwisho ya mkataba, ni ya kukataliwa. Aidha, aulize yatakayotokea iwapo shirika ndilo litakalovunja mkataba.

Cha pili ni saa zilizodhaminiwa. Kampuni inayolipa kwa saa bila kiwango cha chini humwachia rubani hasara ya msimu mbaya wa utalii.

Cha tatu ni afya. Rubani hupimwa na daktari aliyeidhinishwa angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi umri ukisonga. Ugonjwa wa moyo au kisukari cha kudungwa sindano chaweza kumnyang'anya leseni akiwa na miaka 45, angali na nguvu za kufanya kazi nyingine yoyote. Mwajiri mwema hutoa bima ya kupoteza leseni. Asiyeitoa, rubani aikate mwenyewe.

Cha nne ni haki za kisheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaamuru kwamba mfanyakazi anayeachishwa kazi kwa sababu za kiuchumi alipwe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia, na inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili. Rubani wa kike anayekwenda nje alinganishe kanuni za huko kuhusu ujauzito na kurudi kazini.

Usalama

Agosti 7, 2025, ndege ya matibabu iliyokuwa imeondoka Wilson kuelekea Hargeisa ilianguka Mwihoko, karibu na Githurai, eneo la Ruiru. Watu sita walifariki, wakiwemo wawili waliokuwa ardhini. Mei 4, 2020, ndege ya mizigo ya Kenya ilitunguliwa Bardale, Somalia, ikiwa imebeba vifaa vya kukabiliana na corona, na wote sita waliokuwemo wakaangamia. Ajali haimaanishi lazima kwamba mwajiri ni mbaya, lakini matukio haya yanakumbusha kwamba mahali unapotumwa ni sehemu ya mkataba.

Aulize kama shirika limepasi ukaguzi wa usalama wa shirikisho la kimataifa la mashirika ya ndege, IATA. Aulize pia yanayompata nahodha anayekataa kuruka kwa sababu ya hali mbaya ya hewa au kasoro ya mtambo. Mahali ambapo nahodha huadhibiwa kwa kukataa, mshahara mkubwa hautoshi.

Umbali wa nyumbani

Jambo la mwisho hudharauliwa na vijana na kuwasumbua wazee. Rubani aliye zamu ya kusubiri hutakiwa kufika uwanjani katika muda mfupi akipigiwa simu. Mkazi wa Ruiru ana bahati, kwani barabara ya Eastern Bypass inaanzia hapo Kamakis na kupitia Utawala hadi Embakasi, karibu na uwanja wa Jomo Kenyatta, bila kuingia katikati ya jiji. Anayeishi Thika huongeza kipande cha barabara kuu ya Thika. Kwa anayefanya kazi Wilson mambo ni tofauti: uwanja huo uko barabara ya Lang'ata, upande wa pili wa jiji, na safari ya alfajiri hukutana na msongamano. Wengi huishia kupanga nyumba nyingine karibu na kazi, na gharama hiyo yafaa kuondolewa katika mshahara kabla ya kuulinganisha na wa kwingineko.

Anayekwenda Doha au Dubai hupima umbali wa aina nyingine: wazazi wanaozeeka, shamba lisilo na msimamizi, na watoto wanaokua bila kuijua lugha ya nyanya yao. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Mpangilio wa kufikiri

Kwa muhtasari, anayechagua mwajiri wa kudumu naye atafanya vyema kuuliza kwa utaratibu huu: Je, shirika ni salama? Je, litakuwepo miaka 20 ijayo? Je, linakua, na nitakuwa nahodha lini? Je, mkataba unanifunga vipi, na unanilinda vipi nikiugua? Je, familia yangu itaishi wapi? Mshahara uje baada ya majibu ya hayo, ukiwa umeondolewa kodi, kodi ya nyumba na deni la mafunzo.

Kwa kijana mwenye saa 200, jibu mara nyingi litakuwa Wilson kwanza, maadamu kampuni ni salama na dhamana yake ni fupi. Kwa mwenye saa 2,000 na umri wa chini ya miaka 30, shirika linalokua, la hapa au la nje, lina thamani kuliko linalolipa tu. Kwa aliye na miaka 40 na nambari nzuri katika orodha ya hapa nyumbani, kuhama ni jambo la kufikiriwa mara mbili, kwa sababu nambari hiyo haipandi ndege pamoja naye. Usiache mbachao kwa msala upitao.